Miguu Mivivu ya Marubani wa Kivita

Piper J-3 Cub ni ndege ya mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa. Injini yake ina nguvu za farasi 65, mwendo wake ni kama kilomita 120 kwa saa, na ikikabiliwa na upepo mkali hata malori ya barabara kuu yataiacha. Mketishe humo rubani aliyestaafu ndege ya kivita F-16, na mwalimu atakayekaa naye ataanza kwa kumtazama miguu.

Rubani anapolaza ndege ndogo kushoto, bawa la kulia hupanda, na katika kupanda huko hewa hulivuta nyuma kuliko la kushoto. Pua basi huelekea kulia, kinyume na anakotaka kwenda. Dawa ni kukanyaga pedali ya kushoto kwa kiasi, usukani wa mkiani uirudishe pua. Katika ndege za kivita za leo, kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na miguu huzoea kulala. Hivyo mtu mwenye saa maelfu angani hujikuta akiteleza kando kama mwanafunzi, na makalio yake humwambia kabla ya kifaa chochote.

Kutua nako kuna visa vyake. Aliyezoea manowari ya kubebea ndege huishusha ndege yake kwa pembe ileile mpaka magurudumu yapige sitaha na ndoano inase waya. Itendee Cub hivyo uone itakavyodunda! Yenyewe hutaka pua inyanyuliwe polepole karibu na ardhi, mwendo ufe taratibu.

Bob Hoover, rubani wa kivita, aliuelewa kuliko wengi utani huu ambao ndege ndogo humfanyia rubani mkubwa. Mwaka 1944 Mmarekani huyo alitunguliwa akiwa na Spitfire, akafungwa na Wajerumani, kisha akatoroka kwa kuiba ndege yao ya kivita. Lakini umaarufu wake mkubwa aliupata na Shrike Commander, ndege ya injini mbili ya kubebea wafanyabiashara. Alizima injini zote angani, akaibiringisha, akatua na kuiacha ijisukume hadi mbele ya watazamaji. Alimimina pia chai ya barafu kwenye bilauri huku ndege ikibiringika. Hapakuwa na mazingaombwe: ukibiringika kwa mzunguko mpana uliopimwa vizuri, chai huendelea kukandamizwa kuelekea sakafu ya ndege, hata sakafu ikiwa juu.

Siku moja, huko San Diego, Shrike hiyo ilijazwa mafuta ya jeti badala ya petroli. Injini zikazimika mara tu baada ya kuruka. Hoover akaishusha nje ya uwanja, na wote waliokuwamo wakapona. Akamwendea kijana aliyeijaza, akamwambia kesho yake amjazie ndege yake nyingine, Mustang.

Lakini katika ndege ndogo si marubani wote waliosalimika. Robert Gibson, rubani wa zamani wa F-14 aliyekuwa mwanaanga, aligongana na mwenzake katika mashindano ya ndege ndogo Texas mwaka 1990. Mwenzake alifariki. NASA, iliyowakataza wanaanga waliokwisha kupangiwa safari michezo ya hatari namna hiyo, ikamwondoa kwenye safari yake. Alirudi mwaka 1992 kuongoza chombo cha Endeavour. Mashindano hakuyaacha: mwaka 2015 alishinda mbio za ndege za Reno, akiwa na miaka 68, kwa ndege ya pangaboi.