Kuanza Uandishi wa Habari Karagwe na Kyerwa

Nchini Tanzania, mlango wa kwanza wa uandishi wa habari ni elimu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliifanya kazi hii kuwa taaluma yenye ithibati, na kanuni zake za mwaka uliofuata zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa ufaulu wa masomo manne huanza na astashahada, kisha stashahada, na akipenda shahada. Kwa watu wa mkoa wa Kagera, zilipo wilaya za Karagwe na Kyerwa, chuo kikuu cha fani hii kilicho karibu ni cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, kilichokua kutoka kituo cha mafunzo cha Nyegezi kilichoanzishwa mwaka 1960. Dar es Salaam ipo shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo asili yake ni chuo kilichofunguliwa mwaka 1975.

Cheti peke yake hakimtoshi mtu. Kazi hujifunzwa kazini, na Karagwe mahali pa kuianzia pako karibu. Redio FADECO ilianza kurusha matangazo mwaka 2007, ikiwa mali ya taasisi ya maendeleo ya hapo hapo wilayani, na wasikilizaji wake wakubwa ni wakulima. Wilaya jirani ya Ngara ina Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Redio za namna hii zina watumishi wachache, kwa hiyo anayejifunza hushika kila kitu: leo anahoji, kesho anahariri sauti, keshokutwa anasoma taarifa. Katika chombo kikubwa cha mjini angeweza kukaa mwaka mzima bila kugusa nusu ya hayo.

Kijana aliyekulia katika kata za wilaya hizi, kama Igurwa, Nkwenda au Murongo, ana mtaji mwingine ambao hausomewi darasani: anayajua maisha ya watu atakaowaandika. Chukua bei ya kahawa. Mkulima anasema amepunjwa, anataja bei aliyolipwa kwa kilo. Mwandishi asiyeijua kahawa ataibeba kauli hiyo kama ilivyo. Anayeijua atauliza kwanza kama ni kilo ya maganda au ya kahawa safi, maana maganda yakikobolewa hubaki takribani nusu ya uzito, na bei mbili hizo hazilinganishwi. Atauliza kama mzigo uliuzwa kwenye chama cha msingi cha ushirika au kwa njia ya butura, yaani kahawa ikiwa bado mtini, mkulima akichukua fedha mapema kwa bei ya chini kwa sababu ya ada ya shule au ugonjwa. Ataomba kuona stakabadhi. Kisha atakwenda kwa katibu wa chama, kwa mnunuzi aliyetajwa na kwa ofisa ushirika wa wilaya, kila mmoja ajibu hoja inayomhusu. Asiyepatikana ataandikwa kuwa alitafutwa, kwa simu au ofisini, na siku aliyotafutwa.

Hapo ndipo habari inapozaliwa, na ndiyo sehemu ya kazi inayostahili muda mwingi kuliko sauti nzuri ya kutangaza. Mzee wa kijijini akieleza kwa Kinyambo, lugha ya huku, maneno yake huingia kwenye taarifa ya Kiswahili bila kuongezewa chumvi. Majina huandikwa kama wenyewe wanavyoyaandika. Usahihi huo una uzito: mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera, wakulima walihitaji kuambiwa kwa usahihi namna ugonjwa unavyohamia mgomba mwingine kupitia panga lisilosafishwa. Taarifa yenye makosa juu ya jambo kama hilo ingeweza kumaliza shamba zima.

Mapato ya mwanzo ni madogo. Wengi huanza kama waandishi wa kujitegemea, wanaolipwa kwa kila habari inayotoka, huku nauli ya pikipiki ikitoka mfukoni mwao. Dhiki hiyo ndiyo inayoifanya bahasha ya fedha anayoigawa mwenye semina ivutie, na anayeizoea mapema hupoteza uhuru wa kumwandika aliyempa. Hatari nazo zipo. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kazini Nyololo, mkoani Iringa, Septemba 2012. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi huko Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Anayeanza aizoee desturi ya kumwarifu mhariri anakokwenda na saa anayotarajia kurudi. Ajue pia kuwa kuchapisha habari za uongo mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwamba kuendesha chombo cha habari mtandaoni kunahitaji leseni.

Bukoba kuna Klabu ya Waandishi wa Habari Kagera, mojawapo ya klabu za mikoa zilizo chini ya muungano wao, UTPC. Huko mgeni hukutana na wazoefu, husikia mafunzo yanapotangazwa na hupata wa kumtetea akinyanyaswa. Wahariri wanaoajiri huomba kuona kazi zilizokwisha kutoka, hivyo kila taarifa iliyorushwa au kuchapishwa ihifadhiwe pamoja na tarehe yake, sauti ghafi za mahojiano na daftari la maelezo.