Kelele za mjini zageuzwa kuwa sanaa

Simama katika steji yoyote ya matatu jijini Nairobi saa kumi na moja jioni. Makanga anaita abiria kwa sauti ya kukwaruza, muziki unatikisa vioo vya gari, mhubiri wa kando ya barabara anapaaza sauti na honi hazikomi. Wengi wetu huziita kelele, na hutamani kufika nyumbani haraka ili masikio yapumzike.

Wapo wasanii, hata hivyo, ambao hufunga safari kwa makusudi kwenda kuzitafuta kelele hizo hizo. Kwao sauti ni kama udongo kwa mfinyanzi. Huinasa kwa mashine, wakaikata, wakairefusha na kuipanga upya kwa kompyuta, kisha huirudisha kwetu kupitia spika.

Mmoja wao ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi ambaye mashabiki wake humjua kama KMRU. Ndiyo, jina hilo si geni. Babu yake ndiye Joseph Kamaru, yule mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za Kikuyu aliyeaga dunia mwaka wa 2018. Mjukuu alisomea muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta kabla ya kwenda Berlin, Ujerumani, kuendeleza masomo ya sanaa ya sauti. Santuri yake, Peel, ilitolewa mwaka wa 2020, na hakuna ngoma wala gita la babu ndani yake. Kuna mivumo mirefu inayosonga polepole kama ukungu.

Wa kwanza alikuwa Mwafrika

Usidhani kwamba haya ni mambo ya kuiga wazungu. Vitabu vingi humsifu Mfaransa Pierre Schaeffer, ambaye mwaka wa 1948 alitunga muziki kwa sauti zilizonaswa, zikiwemo za gari-moshi. Lakini miaka minne kabla yake, mwaka wa 1944, Mmisri Halim El-Dabh alikuwa ameazima mashine ya kunasia sauti kwa waya kutoka kituo cha redio mjini Cairo. Alikwenda nayo kwenye zaar, sherehe ya wanawake inayofanana na ile ya kupunga pepo ambayo watu wa pwani yetu wanaifahamu. Baadaye, studioni, aliziondoa sehemu za sauti hizo na kuziongeza mwangwi mpaka zikawa kitu kingine kabisa. El-Dabh alifariki mwaka wa 2017 nchini Marekani.

Masikio, macho na ulimi

Huko Lagos, Nigeria, Emeka Ogboh alivutiwa na makondakta wa danfo, yale mabasi madogo ya manjano ambayo ni ndugu wa matatu zetu. Anayewasikiliza wakitaja vituo hupata ramani ya jiji bila kufungua macho. Ogboh pia alinasa sauti za soko la Balogun, akatengeneza kazi iitwayo Market Symphony. Spika zake zilifungwa kwenye sinia za bati za rangi, zile zile zinazotumika sokoni. Kazi hiyo ilinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa ya Afrika la Smithsonian, mjini Washington.

Mwaka wa 2015, katika maonyesho ya Venice, Italia, aliwasikilizisha watu wimbo wa taifa la Ujerumani ukiimbwa na Waafrika kwa lugha kumi za kwao, zikiwemo Kiigbo, Kiyoruba na Kilingala. Miaka miwili baadaye, mjini Kassel, Ujerumani, hakuishia kwenye sikio. Alitengenezesha bia nyeusi kwa kufuata maoni ya Waafrika wanaoishi Ulaya kuhusu ladha wanazozikumbuka. Mgeni wa maonyesho aliweza kuinywa sanaa.

Sauti ni za nani?

Mzazi anaweza kuuliza: mambo haya yana faida gani? Jibu limo katika kazi nyingine ya KMRU, Temporary Stored, ya mwaka wa 2022. Aliitengeneza kutokana na kanda zilizo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambako zimehifadhiwa sauti za Waafrika zilizonaswa enzi za ukoloni. Hebu fikiria: nyimbo na maneno ya wazee wetu yako kabatini Ulaya, na mjukuu anayetaka kuyasikia lazima abishe hodi mlango wa mwingine.

Vinyago vikiibwa, tunaona pengo. Sauti ikipotea, haiachi hata alama ya vumbi ukutani. Nyimbo za kusaga mahindi kwa mawe zinakwenda na waliozijua, na miito ya makanga nayo haitadumu milele.

Mwanafunzi mwenye simu ya mkononi leo ana kifaa chepesi kuliko kile cha El-Dabh. Likizo ijayo, akienda mashambani, na amwombe nyanya ruhusa, anase hadithi moja au wimbo mmoja, kisha aandike jina la msemaji, mahali na tarehe. Nakala ya pili ibaki kwa mtu mwingine wa jamaa, kwani simu huibwa na simu huharibika.