Maji Yakipwa Chwaka

Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, haina mto unaoingia ndani yake, na kina chake ni kidogo. Maji yakijaa siku za bamvua hufunika takriban kilomita za mraba 50. Yakipwa hubaki kama 20. Nchi hiyo inayotoka na kuzama kila siku ndiyo shamba la watu wa Chwaka, Marumbi, Uroa, Charawe na Ukongoroni.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Saa hiyo usimtafute mwanamke nyumbani. Wengine wamo kwenye mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989. Wengine wanachokoa pweza. Wengine, hasa watu wazima, wamekwenda kwenye makumbi, kazi ambayo wageni huipita bila kuijua. Makumbi ya nazi hufukiwa matopeni, yakagandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na maji, yakaachwa miezi kadhaa mpaka yaoze. Yakifukuliwa yananuka, wala hakuna anayejali. Hupigwa kwa rungu, yakakoshwa, ukatoka usumba wa kusokotea kamba. Wewe utaona rundo la mawe tu. Wenyewe wanajua hili la nani na lile la nani, na hakuna anayegusa la mwenzake.

Wanaume wana madema. Dema hutegwa penye majani ya bahari, ambayo ghuba hii inayo aina 11, maana tasi na pono hulisha humo. Mtega madema halipendi juya la kukokota, nami naona ana haki: juya halichagui samaki mkubwa na mchanga, na likipita hung'oa hata majani yenyewe. Ugomvi huo ni wa siku nyingi, na umewahi kuwatenga watu wa vijiji jirani, wengine ndugu.

Mikoko ya upande wa kusini imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Hifadhi huja na mikutano, na mikutano hupangwa kwa saa ya ofisini. Ombi langu kwa wanaoiitisha: kabla ya kuandika saa nne asubuhi kwenye barua, tazameni mwezi. Ikiwa ni bamvua mtawakuta wanaume barazani peke yao. Iteni alasiri, maji yakishajaa na kina mama wamerudi.