Ujumbe na Saa Yake: Mitandao ya Kijamii katika Bonde la Kilombero

Mtu akiketi mjini Ifakara na kuuliza katika intaneti ni saa ngapi inayofaa kuweka tangazo katika mitandao ya kijamii ili lisomwe na watu wengi, hatakosa jibu. Majedwali ya namna hiyo ni mengi, na aghalabu hupendekeza asubuhi za siku za katikati ya juma, penye saa tatu au saa nne. Mwalimu aliyetwikwa kazi ya kuwaarifu wazazi juu ya mkutano wa shule, au muuguzi anayetangaza siku ya chanjo, huweza kulichukua jedwali hilo na kulifuata kama alivyolikuta. Kisha hushangaa kuona wazazi kumi na wawili tu mkutanoni.

Hapana budi kwanza kuuliza jedwali hilo lilipimwa kwa watu gani. Mengi yametungwa na kampuni za Marekani na Ulaya, kutokana na mwenendo wa wateja wao, ambao wengi huketi ofisini. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi au saa kumi na moja jioni ya Ifakara, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka nasi hatuzisogezi. Lakini hata mtu akizigeuza saa hizo kwa usahihi, tatizo halijaondoka. Saa tatu asubuhi mtumishi wa ofisi huko huwa ameketi mbele ya kompyuta, ilhali mkulima wa mpunga wa Kilombero wakati huo ana jembe mkononi na simu yake imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe.

Basi saa njema hupatikana namna gani? Njia ya kulijibu swali hili imekwisha kutumika Ifakara kwa miaka mingi, ila si kwa simu, bali kwa mbu.

Somo kutoka kwa mbu

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ndogo ya utafiti pale Ifakara. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Miongoni mwa kazi za watafiti wake ni kuwahesabu mbu saa kwa saa tangu jioni hadi alfajiri, na pia kuwauliza wakazi wa bonde huingia ndani saa ngapi, hulala saa ngapi na huamka saa ngapi. Uchunguzi wa namna hiyo kutoka Bonde la Kilombero ulichapishwa mwaka 2006.

Tazama kilichofanyika. Watafiti hawakutosheka kujua ni saa ipi mbu ni wengi. Walichora mistari miwili katika grafu moja: mmoja wa mbu wanaotafuta damu, na mwingine wa watu, kuonyesha wako wapi na wanafanya nini. Hatari haikai katika mstari mmoja peke yake. Hukaa mahali mistari inapokutana. Mbu aina ya *Anopheles funestus* hung'ata zaidi usiku mkuu, wakati ambao mtu yumo kitandani, na hapo chandarua humkinga vyema. Mbu anayekuja mapema, watu wakiwa bado uani wanapika na kuzungumza, huleta hatari kubwa zaidi ingawa idadi yake wakati huo huenda ikawa ndogo.

Kwa lugha ya hisabati, kwa kila saa tunazidisha kiasi cha kwanza kwa kiasi cha pili. Saa inayofaa kutuma ujumbe hutafutwa kwa njia hiyo hiyo. Mstari wa kwanza ni wa watu walio na simu mkononi katika saa fulani, yenye chaji, mtandao na bando. Mstari wa pili ni wa nafasi ya ujumbe kuonekana, kwa maana hauko peke yake. Umezungukwa na salamu, vichekesho, matokeo ya mpira na matangazo ya wengine.

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ni za kubuni kwa ajili ya zoezi. Kundi la wazazi lina watu 120. Saa tatu asubuhi asilimia 10 wana simu mkononi, na katika hao asilimia 60 wataliona tangazo, maana jumbe nyingine ni chache. Saa mbili usiku asilimia 50 wana simu, lakini ni wakati ambao kila mtu anatuma, hivyo ni asilimia 20 tu kati yao watakaoliona. Saa kumi na mbili na nusu jioni wenye simu ni asilimia 40, na watakaoliona kati yao ni asilimia 40. Ukizidisha utapata watu 7 asubuhi, watu 12 saa mbili usiku, na watu 19 jioni. Saa yenye watu wengi kuliko zote siyo iliyoshinda. Wanaoshauriwa kutuma wakati ambao "watu wote wako hewani" wameonyeshwa mstari mmoja wa grafu, na ule wa pili wamefichwa.

Ujumbe hufifia

Kuna jambo la tatu, nalo ni umri wa ujumbe. Mwaka 2011 kampuni ya Bitly ya Marekani, inayofupisha anwani za kurasa za intaneti, ilipima muda unaopita tangu kiungo kifikie kilele cha kubonyezwa hadi kipate nusu ya mibonyezo yote itakayofuata. Kwa wastani muda huo ulikuwa saa 2.8 katika Twitter na saa 3.2 katika Facebook. Mwanafunzi wa fizikia ataikumbuka dhana hii kutoka somo la mnururisho, ambako huitwa nusu-maisha. Asidhani tu kwamba ujumbe hufuata kanuni ile kwa ukamilifu kama atomi. Watu hulala na kuamka, atomi hazilali. Hata hivyo maana yake kwetu ni dhahiri: tangazo lililowekwa saa tano usiku humaliza ujana wake wakati Ifakara yote imelala.

Mitandao nayo haifanani. Facebook huzipanga jumbe kwa kanuni za kompyuta zinazokisia ni kipi kitakachompendeza kila msomaji, na upya wa ujumbe ni sababu moja tu kati ya nyingi. Instagram iliacha kupanga picha kwa utaratibu wa saa peke yake mwaka 2016. Ujumbe unaopata mwitikio mapema huwa na nafasi zaidi ya kuonyeshwa kwa wengine, na usioitikiwa huachwa nyuma kimya kimya. Kundi la WhatsApp halifanyi hivyo. Humo jumbe hufuatana kwa zamu ya kutumwa, na mtu asiyekuwa na mtandao huwekewa zake hadi siku 30.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika bonde letu. Mji wa Ifakara uko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, na urefu wa mchana hubadilika kwa muda wa saa moja kasoro kidogo katika mwaka mzima. New York hubadilika kwa karibu saa sita. Kwa hiyo si jua linalobadilisha ratiba ya watu wa Kilombero, bali ni mvua na mpunga. Wakati wa kilimo jamaa nyingi huhamia mashambani, mbali na nyumba zao, wakakaa katika madungu majuma kadhaa wakilinda mimea dhidi ya ndege na wanyama. Huko simu huchajiwa kwa paneli ya jua ikiwapo, la sivyo hupelekwa kibandani na kulipiwa. Mtandao huenda ukapatikana juu ya kichuguu fulani tu, na kila mtu hapo akakijua kichuguu hicho.

Kwa mkulima huyo, saa uliyoitumia kutuma ujumbe wa WhatsApp haina maana kubwa. Atazipokea zote kwa pamoja siku atakayopata mtandao, na tangazo lako la chanjo litakuwa limefunikwa na salamu mia moja za "asubuhi njema". Hapo linalofaa ni kulirudia tangazo, na msimamizi wa kundi awaombe watu wapunguze porojo kwa siku mbili. Na kama umeliweka katika Facebook, yamkini hataliona kamwe.

Inafaa kukumbuka jinsi redio ilivyolitatua jambo hili. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Hawakutafutwa mmoja mmoja kila alipokuwa na nafasi. Saa iliwekwa, nao wakaja. Kundi la wazazi linaweza kujifunza hapo. Tangazo lenye siku na saa yake maalumu, kwa mfano kila Jumatano saa moja kasoro robo jioni, huwazoeza watu kulitazamia. Kwa maoni yangu njia hii ni bora kuliko kukimbizana na saa ya bahati.

Kupima wenyewe

Mwaka 2015 watafiti wanne wa Marekani, Nemanja Spasojevic na wenzake, walitoa taarifa ya uchunguzi juu ya saa za kutuma. Walilinganisha miji mbalimbali na kuona kwamba mwenendo wa watu hautofautiani kwa mtandao tu, bali na kwa mji. Walipomtengenezea kila mtumiaji ratiba yake mwenyewe, mwitikio uliongezeka kwa asilimia 17 katika Facebook na asilimia 4 katika Twitter. Tuzisome tarakimu hizi kwa utulivu. Penye watu 100 walioitikia, sasa wataitikia 117, au 104. Ni faida, lakini haitauokoa ujumbe usioeleweka au usiomhusu msomaji.

Darasa la kidato cha tatu linaweza kufanya jaribio lake bila gharama. Chagueni kundi moja, kwa ruhusa ya wenyewe, na saa tatu za kulinganisha. Andaeni jumbe 12 za aina moja na zenye urefu unaokaribiana, za kutumwa mara mbili kwa juma kwa majuma sita. Saa ya kila ujumbe ichaguliwe kwa kura, yaani vikaratasi 12 ndani ya kofia, vinne kwa kila saa. Kisha hesabuni waliosoma baada ya saa 2, na tena baada ya saa 24, kwa kuwa WhatsApp humwonyesha aliyetuma majina ya waliosoma. Andikeni asilimia ya wanakundi, si idadi tupu, maana kundi hukua na kupungua.

Kura hiyo si mchezo. Mwalimu ambaye siku zote hutuma matokeo ya mitihani jioni, na orodha ya michango asubuhi, akizitazama kumbukumbu zake atasema jioni ndiyo saa njema. Kumbe wazazi hawakuifuata jioni. Waliyafuata matokeo, na michango waliikimbia. Kura huvunja uhusiano kati ya aina ya ujumbe na saa yake.

Tuseme saa moja usiku ilileta asilimia 31, 28, 40 na 25, na saa mbili usiku ikaleta 35, 27, 38 na 32. Wastani ni 31 na 33. Mwanafunzi mwenye haraka ataitangaza saa mbili kuwa mshindi. Lakini tofauti ndani ya saa moja peke yake ni pointi 15, na tofauti kati ya wastani huu na ule ni pointi 2 tu. Hapo hakuna mshindi. Jaribio lirudiwe, na lirudiwe pia wakati wa mavuno, kwa sababu jibu la mwezi wa Februari, watu wakiwa katika palizi, halina wajibu wa kufanana na la mwezi wa Agosti.

Kuna jumbe ambazo haziingii katika hesabu hii hata kidogo. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliingia mjini Ifakara na kuzingira nyumba za watu. Onyo la maji ya Mto Lumemo halingoji saa kumi na mbili na nusu jioni. Hutumwa papo hapo, iwe saa nane usiku, na kwa kuwa saa hiyo mstari wa wenye simu mkononi umeshuka karibu na sifuri, hufuatwa na kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa, na mtu wa kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Shule iliyo karibu na mto ingefanya vyema kuandika mapema ni nani atakayegonga mlango upi, na kuibandika orodha hiyo ukutani kabla ya mwezi wa Machi.