Gari kubwa la familia: Hesabu mikanda kabla ya kuhesabu fedha

Desemba mwaka juzi, wakiwa njiani kwenda Moshi, shemeji yangu alifunga breki ghafla karibu na Mombo kumkwepa ng'ombe. Gari halikugonga kitu. Ng'ombe alivuka, magari ya nyuma yakasimama salama. Lakini mpwa wangu wa miaka sita, aliyekuwa amesimama katikati ya viti viwili vya mbele, alirushwa akapiga kidevu kwenye gia. Alishonwa nyuzi nne.

Ndani ya gari dogo la watu watano walikuwemo saba: baba, mama, watoto watatu, bibi na dada wa kazi. Mkanda ulifungwa na watu wawili tu, wale wa mbele.

Waliporudi Dar es Salaam, dada yangu alitangaza kwamba hawasafiri tena mpaka wapate gari kubwa. Yeye na mumewe walichanga Sh48 milioni, nusu akiba na nusu mkopo wa kazini, kisha ikaanza safari ya kuzunguka yadi za magari. Mimi nilichukuliwa kama shahidi. Shemeji alicheka akaniuliza mwandishi wa afya atajua nini kuhusu injini.

Kuhusu injini sikujua kitu. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ukilitazama hivyo, kuchagua gari la familia ni uamuzi wa afya kama ulivyo uamuzi wa chanjo au chandarua.

Anza na watu, siyo na jina la gari

Shemeji alianza na jina. Alitaka V8, lile ambalo Watanzania tunaliita shangingi, kwa sababu ni zito na "haliyumbi". Kwa fedha yake angepata la zamani sana, lenye injini inayokunywa mafuta kuliko uwezo wa mshahara wake.

Dada alianza na watu. Aliandika kwenye daftari nani atapanda, ana umri gani na atakaa wapi. Bibi ana magoti mabovu, hawezi kuruka kupanda gari refu. Mtoto mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Wawili wakubwa wana miaka sita na tisa.

Orodha hiyo peke yake ilipunguza mjadala. Walihitaji viti saba vya kweli, mlango ambao bibi ataupanda, na gari litakalofika kijijini mvua ikinyesha. Kwa familia isiyo na barabara ya matope, Noah au Alphard ingetosha. Sakafu yake iko chini, mlango unateleza pembeni na bibi anapanda bila kusaidiwa. Usinunue gari refu kwa sababu tu jirani analo.

Kwao barabara ya kijijini iliamua. Wakabaki na Land Cruiser Prado, ambalo mengi yaliyoko nchini yalikuja yakiwa yametumika kutoka Japani, au gari jipya kabisa la kutoka kwa wakala.

Jipya au lililotumika?

Jipya lina faida ambazo mzazi asizidharau. Lina dhamana ya kiwanda, unajua hakuna aliyeligonga kabla yako, mifuko yake ya hewa haijaguswa na vifaa vyake vya usalama ni vya kisasa. Tatizo ni bei. Kwa familia nyingi za mshahara, gari jipya la viti saba lenye uwezo wa kupanda mlima ni ndoto. Ndiyo maana mengi tunayoyaona yana namba za taasisi.

Lililotumika linakupa gari kubwa kwa fedha ndogo, ila unanunua na historia yake. Kama linatoka Japani, omba karatasi ya mnada. Wenzetu kule hulipa gari alama, na herufi R au RA humaanisha liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Karatasi hiyo pia huonyesha kilomita, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba kilomita zimerudishwa nyuma.

Angalia pia mwaka wa kutengenezwa, siyo herufi ya namba tu. Gari la "namba E" linaweza kuwa limesajiliwa mwaka jana lakini likatoka kiwandani miaka 15 iliyopita. Jirani zetu Kenya hawaruhusu kabisa kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane. Hapa kwetu linaruhusiwa, ila likipita umri huo linatozwa ushuru wa uchakavu. Ukiagiza mwenyewe, ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni ujue kodi kabla hujatuma fedha. Mara nyingi kodi inakaribia au kupita bei ya gari lenyewe.

Kama unanunua kwa mtu aliyelitumia hapa nchini, hakikisha jina kwenye kadi na namba ya chesesi vinalingana, kisha mpeleke fundi wako, asiwe wa muuzaji.

Viti saba, mikanda mitano

Katika yadi ya kwanza tulionyeshwa Prado jeupe, limeng'arishwa hadi unajiona usoni. Dalali alitufungulia muziki. Dada akapanda hadi kiti cha nyuma kabisa na kuanza kutafuta mkanda. Hakuupata. Ulikuwa umekatwa, kikabaki kipande chenye uzi unaoning'inia.

Gari la pili mikanda ilikuwepo, lakini miwili haikurudi ukiivuta. La tatu lilikuwa na mikanda yote, ila taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi haikuwaka kabisa.

Hili la taa wazazi wengi hawalijui. Ukiwasha swichi kabla ya injini, taa ya mfuko wa hewa inatakiwa kuwaka kwa sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameikata ili usijue kwamba mifuko ililipuka kwenye ajali na haikurudishwa.

Kuna jambo jingine la mifuko ya hewa. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza viwasho vya mifuko hiyo ambavyo vinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, na makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali yaliitwa kiwandani kubadilishiwa. Kemikali yake huharibika zaidi kwenye joto na unyevunyevu, hali tuliyonayo sisi wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Chukua namba ya chesesi, uliza kwa wakala wa kampuni husika kama gari hilo liliitwa na kama lilitengenezwa.

Hivyo kabla ya kuuliza bei, panda kila kiti, vuta kila mkanda, ufunge, kisha uvute kwa nguvu ya ghafla. Unatakiwa kukaza. Idadi ya mikanda mizima ndiyo idadi ya watu ambao gari hilo linaweza kubeba, hata kama muuzaji anahesabu viti.

Kiti cha nyuma kabisa

Watoto hupenda kukaa nyuma kabisa, na magari mengi ya viti saba huwabania nafasi. Keti wewe mwenyewe. Je, kuna egemeo la kichwa? Kichwa kiko mbali kiasi gani na kioo cha nyuma? Mtoto akitaka kutoka haraka, anaweza kulaza kiti cha mbele yake bila msaada?

Kisha simamisha viti vyote na uangalie nafasi ya mizigo. Katika magari mengi ya aina hii hubaki nafasi ya mabegi machache tu. Ndipo gunia la mchele, ndizi na sanduku la bibi hupandishwa kwenye keria. Gari refu lenye mzigo juu linapinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona au dereva anapokwepa kitu. Mzigo mzito ukae chini, ndani, na ufungwe. Sanduku lisilofungwa likiwa nyuma ya watoto huwa kombora breki zikifungwa.

Kwa sababu hiyohiyo, tafuta gari lenye mfumo wa kudhibiti kuyumba. Katika magari ya Toyota huandikwa VSC. Mfumo huu husaidia gari refu lisiserereke na kupinduka.

Kiti cha mtoto siyo anasa

Wengi tumelelewa kwa kupakatwa. Mama anashika mtoto kwa mikono miwili na kuamini inatosha. Haitoshi. Gari likiwa kilomita 50 kwa saa na kusimama kwa kugonga, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu sawa na mzigo wa mamia ya kilo. Hakuna mkono wa mzazi unaoweza kuushika mzigo huo.

WHO inasema kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa hadi asilimia 71. Mchanga hukaa akitazama nyuma ya gari, na abaki hivyo kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Akikua hugeuzwa mbele kwenye kiti chenye mikanda yake. Baadaye hutumia kiti cha kumnyanyua hadi afikishe urefu wa kati ya sentimita 135 na 150, ndipo mkanda wa gari utapita kwenye bega na nyonga badala ya shingo na tumbo.

Usiweke kamwe kiti kinachotazama nyuma kwenye siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ukilipuka humpiga mtoto kichwani.

Unapokagua gari, pitisha kidole kati ya mgongo na makalio ya siti ya kati. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana vyuma viwili vya kufungia kiti cha mtoto, vinavyoitwa ISOFIX. Visipokuwepo, kiti cha kufunga kwa mkanda wa kawaida kinafaa pia, ilimradi mkanda ni mzima.

Tairi, moshi na uani

Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa mzee. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. Ukiona 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililofikisha miaka kumi litolewe hata kama linaonekana jipya.

Kama ni la dizeli na ni la miaka ya karibuni, uliza kuhusu chujio la moshi. Huziba kwa gari linalotembea safari fupi za foleni kila siku, na baadhi ya mafundi huling'oa. Moshi huo ndio watoto wako watauvuta getini kila asubuhi. Ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa, usilinunue.

Na kumbuka uani kwako. Gari refu lina eneo kubwa mbele na nyuma ambalo dereva haoni mtoto mfupi. Kamera ya nyuma inasaidia, lakini kanuni ya nyumbani inasaidia zaidi: gari haliwashwi mpaka kila mtoto aonekane yuko wapi. Vilevile usimwache mtoto ndani ya gari juani hata kwa dakika chache. Joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 11 ndani ya dakika 10.

Bakiza fedha

Kosa la wengi ni kumaliza fedha zote kwenye kununua. Prado la petroli la lita 2.7 kwenye foleni za mjini huenda karibu kilomita saba au nane kwa lita moja. Kwa anayetoka Kimara kwenda Posta na kurudi ni karibu lita nne kwa siku, kama lita 90 kwa mwezi wa kazi. Zidisha kwa bei ambayo EWURA hutangaza kila mwezi, kisha ongeza bima na matengenezo. Jumla ikikutisha, gari hilo siyo lako kwa sasa.

Dada na shemeji waliishia kwenye gari la tisa. Ni Prado la rangi ya fedha lenye mkwaruzo mlangoni, la zamani kidogo kuliko walivyotaka. Shemeji alinung'unika kuhusu mkwaruzo. Mikanda yake saba ilikuwa mizima, taa ya mfuko wa hewa iliwaka ikazima, na fundi wao alilala chini yake saa nzima bila kukuta alama ya kugongwa. Kwa kuwa lilikuwa na bei nafuu, walibaki na fedha za tairi nne mpya, viti viwili vya watoto na ngazi ya pembeni kwa ajili ya bibi.

Desemba iliyopita nilisafiri nao. Kabla ya kutoka getini, shemeji aligeuka nyuma na kuita majina kama mwalimu wa darasa, na kila mmoja akajibu kwa sauti ya mkanda kufunga: kla. Bibi alilalamika kwamba mkanda unambana khanga. Tukamsubiri aitengeneze.

Yule mpwa wangu mwenye kovu kidevuni ndiye aliyemsaidia kuufunga.