Maiki ya ndono iwekwe wapi?

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, ukiwemo wa Wasukuma na Wanyamwezi. Kinachovutia mno katika kazi yake ni mkono. Maiki hakuiacha kwenye stendi. Aliishika mwenyewe, akaisogeza kwa mwimbaji, akaishusha kwenye chombo, akarudi nyuma waitikiaji walipopokea. Uwiano wa sauti ulitokana na sikio lake na hatua zake. Leo, jukwaani Kahama au Geita, maiki zipo za kutosha, na bado ndono ikipangwa karibu na kinanda na ngoma humezwa. Nadhani tunakimbilia kuuliza inunuliwe maiki gani kabla ya kuuliza chombo kinatolea sauti wapi.

Ndono ni upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Mpigaji hugonga uzi kwa kijiti huku mdomo wa kibuyu ukielekea kifuani mwake. Akikisogeza mbali kidogo sauti hufunguka, akikibana hujifunga, na humo ndimo zinamochomoza zile sauti nyembamba zinazoelea juu ya mlio wa uzi. Wapo wanaopendekeza maiki ya kubandika kwenye mti: haipigi mluzi ovyo, na mpigaji anatembea atakavyo. Yote mawili ni kweli. Lakini maiki hiyo hunasa mtetemo wa mti tu, haisikii pumzi ya kibuyu, na ndono bila pumzi hiyo imebaki uzi unaogongwa. Maiki ya kawaida ya mwimbaji, inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma, inatosha, ikilenga mwanya kati ya kibuyu na kifua kwa umbali wa shubiri. Ikisogezwa karibu zaidi ya hapo, besi huvimba. Ikiwekwa mbali mara mbili, sauti ya ndono hupungua kwa desibeli 6 hivi, ilhali ngoma ya jirani inabaki palepale. Maiki ya kondensa husikia kwa undani zaidi, lakini hudai umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, na undani huohuo huzoa ngoma zote za jukwaani.

Mtu atasema Tracey hakuwa na spika za kumrudishia mpigaji sauti. Ni kweli, na ndiyo sababu spika ikae nyuma ya maiki, na ngoma, ambazo uwanja mzima unazisikia, zisiwekewe maiki kabisa. Kila maiki inayofunguliwa huukaribisha mluzi. Linalobaki gumu ni hili: chombo kilichozoea wasikilizaji wachache waliokaa karibu, kikipandishwa sauti kikalingana na ngoma, bado ni kilekile? Na kiwango hicho aamue nani, fundi au mpigaji?

Mafundi mitambo wa Kanda ya Ziwa, mpeni mpigaji wa ndono muda wa kujaribu sauti kabla watu hawajajaa. Mwenzake apige, yeye asimame uwanjani asikilize, kisha awaambieni maiki isogezwe wapi.