Studio katika vyumba viwili: Usikate waya wa ardhi ili kuondoa mvumo

VIJANA wanaorekodi muziki nyumbani katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe hutambua mapema kwamba chumba kimoja hakitoshi. Feni ya kompyuta na minong'ono ya waliomo chumbani huingia moja kwa moja katika maikrofoni.

Kurekodi mahali pasipo studio si jambo geni Mombasa. Kanda nyingi za taarab zilizopendwa Pwani zilinaswa arusini. Tena nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba pande mbili za ukumbi, humwezesha mwimbaji kukaa chumba kimoja na fundi wa mitambo chumba cha pili. Kinachobaki ni kupitisha nyaya, na hapo ndipo makosa huanza.

Sauti inapotoka katika maikrofoni huwa ni umeme hafifu mno, sehemu chache tu za elfu za volti moja. Umeme wa nyumbani ni volti 240. Nyaya hizi mbili zikilazwa pamoja, ule wenye nguvu huuambukiza ule dhaifu mvumo mzito wa mizunguko 50 kwa sekunde.

Kwa hivyo, kebo ya maikrofoni na ya umeme zitenganishwe kwa angalau sentimita 30. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa umbo la msalaba.

Kebo yenyewe iwe ile ya plagi za XLR, ambayo ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushiwa wavu wa chuma. Nyaya hizo hubeba sauti ileile, ila mmoja huibeba kinyume cha mwenzake. Mvumo ukiingia njiani huzipata zote mbili sawasawa, na mtambo wa upande wa pili hutoa tofauti yao: sauti hubaki, mvumo hufutika. Kebo hiyo inaweza kuvuka ukumbi bila taabu. Kebo ya kawaida ya gitaa au kinanda haina kinga hiyo, na isizidi mita sita hivi.

Mwimbaji naye ahitaji kusikia muziki. Apelekewe hedifoni za waya, kwani zile za Bluetooth huchelewesha sauti na kumtoa katika mapigo.

Hata hivyo, mvumo unaweza kuendelea. Mara nyingi sababu ni kwamba kikuza sauti cha gitaa kimechomekwa katika soketi ya chumba kimoja na kompyuta katika soketi ya chumba kingine. Vyote viwili vimeunganishwa ardhini, kisha wavu wa kebo ukaviunganisha tena. Hivyo hutokea mzunguko unaopitisha umeme usiotakiwa.

Baadhi ya watu hutibu hali hiyo kwa kukata waya wa ardhi ndani ya plagi. Mvumo hutoweka, lakini kinga imeondoka. Siku waya wa ndani utakapochunika na kugusa bati la mtambo, umeme hautakuwa na njia ya kwenda ardhini wala fyuzi haitakatika. Utafuata wavu wa kebo hadi kwenye maikrofoni, ambayo mwimbaji ameishika mkononi na kuikaribia kwa midomo, huku pengine amesimama pekupeku juu ya sakafu ya saruji.

Tiba salama ni kulisha mitambo ya vyumba vyote viwili kutoka soketi moja yenye ardhi. Plagi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000, kiasi kinachotosha studio ndogo, mradi pasi na birika visichomekwe hapo. Kwa gitaa au kinanda, kisanduku cha DI chenye transfoma hupitisha sauti huku kikitenga nyaya za ardhi.

Kabla ya yote, mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, apime kama soketi hiyo ina ardhi kweli. Tundu la tatu katika soketi si ushahidi kwamba nyuma yake mna waya.